Mhadhiri hatoi madesa, analipwa kwa kazi gani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma uchumi, mwaka wa pili. Tuna mhadhiri mmoja hatoi madesa kabisa, yaani zile notisi za kunakili na kusomea. Anaingia, anaandika swali moja ubaoni, anakaa kututazama. Ukimjibu anakuuliza, "Umejuaje?" UE, mtihani wa mwisho wa muhula, inakaribia na daftari langu lina kurasa tatu. Ada tumelipa. Huyu anafundisha au anatutega?
Daftari Tupu

JIBU: Marahaba, Daftari Tupu. Jina umejipa mwenyewe, usinilaumu.

Mwaka 1979 nilikuwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uchumi huohuo. Nikaandika insha ya bei ya pamba: ugavi na mahitaji ndivyo vinavyopanga bei, karibu neno kwa neno na kitabu. Ikarudi na wino mwekundu pembeni: "Umemuuliza nani?" Nilikasirika. Mimi, mtoto wa mkulima wa pamba wa Magu, niulizwe hivyo!

Likizo nikamuuliza baba. Akaingia uvunguni, akatoka na kopo la biskuti lililojaa stakabadhi za mizani, akanipangia mkekani moja moja. Pamba safi bei moja, fifi, ile ya daraja la chini, bei nyingine, na hazikubadilika tangu ununuzi ulipofunguliwa hadi ulipofungwa. Serikali ilikuwa imezitangaza kabla ya msimu. Nikafurahi: kitabu kimeumbuka! Baba akacheka. Akasema bei isipomridhisha, mwaka unaofuata shamba lilelile anapanda mahindi.

Kumbe ugavi ulikuwepo, umekaa kwenye jembe la mzee. Kitabu hakikukosea, mimi nilikinakili bila kujua kinasema nini. Desa la kunipa hilo lingeandikwa na nani?

Kwa hiyo mhadhiri wako simlaumu, ila kwa sharti. Yule wangu insha aliirudisha ndani ya wiki, wino wake mwekundu unakaribia kuushinda wangu wa bluu. Kama wako anauliza tu, kazi zenu hazisomi wala hazirudishi, huo ni uvivu uliovaa joho. Mtumeni CR, mwakilishi wa darasa lenu, kwa mkuu wa idara, bila kelele.

Kama anazisoma, kaeni wanne watano jioni, mlichukue swali lake, kila mmoja aandike jibu na chini yake aseme amelijuaje. Mtagombana. Gombaneni.

Na hizo kurasa tatu, zimeandikwa nini? Nijibu hilo kwanza, ndipo tuzungumze habari za UE.