Nililipa kiingilio kwa siri, sasa rafiki yangu hatusemezani

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mkaazi wa Likoni, Mombasa, nafanya kazi katika duka la dawa. Tuko marafiki wanne tangu shule ya msingi, na kila mwisho wa mwezi huenda pamoja kusikiliza bendi tunayoipenda ya bango, ule muziki wetu wa Pwani, katika ukumbi mdogo upande wa Kisauni wenye viti visivyozidi 80. Kiingilio ni shilingi 500. Mpiga besi ni binamu wa mmoja wetu, kwa hivyo tukifika mlangoni rafiki yetu huyo husema, "Hawa ni wangu," nasi tukaingia bila kulipa. Jambo hilo lilikuwa likinikera. Mwezi uliopita nilijifanya nimesahau simu kwenye tuktuk, nikarudi mlangoni na kulipa shilingi 2,000 za sote wanne. Bendi ilipopumzika, binamu yake akaja mezani kutushukuru kwa kulipa. Rafiki yangu huyo, ambaye aliachishwa kazi hotelini msimu wa watalii ulipopungua, alisema nimemwaibisha mbele ya jamaa yake kana kwamba yeye ni ombaomba. Tangu siku hiyo hatusemezani, na wenzetu wawili hawajui wawe upande gani. Bendi itapiga tena mwisho wa mwezi huu. Je, nimwombe radhi tuendelee kuingia bure, au niende peke yangu nilipe changu?

Msikilizaji wa Likoni

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma na kuirudia, na maneno yaliyonishika ni yale machache uliyoyapitisha haraka, kwamba mwenzako aliachishwa kazi hotelini. Nitayafikia. Kwanza nikujibu kuhusu pesa, kwa kuwa hapo sikuoni na kosa lolote.

Kiingilio hicho ni haki ya wale wapigaji, na ninyi wanne mnapaswa kukilipa. Kwa muda mrefu bendi nyingi za Pwani zilikula kwa hoteli za kitalii. Hata Them Mushrooms, kabla hawajahamia Nairobi, walipiga hotelini kwa miaka mingi. Hoteli humpa mwanamuziki ujira wake hata ikiwa wageni wanaongea mwanzo hadi mwisho, lakini ukumbi mdogo hauna wa kumlipa isipokuwa anayepita mlangoni. Hebu piga hesabu: viti 80 vikijaa, na kila aliyekaa awe amelipa, zitapatikana shilingi 40,000. Ondoa kodi ya ukumbi, ondoa spika za kukodi, ondoa gari la kubeba ngoma na kinanda, kisha kilichosalia ukigawe kwa mpiga gitaa, mpiga besi, mpiga ngoma, mpiga kinanda, wapuliza saksafoni na tarumbeta, na waimbaji. Na huo ni usiku wa kujaa, ambao hauji kila mwezi. Shilingi 2,000 ambazo ninyi wanne mmekuwa mkipita nazo mlangoni huenda ndizo mtu mmoja katika bendi ile angekwenda nazo nyumbani.

Naelewa pia kwa nini wengi wetu hatulifikirii jambo hili. Bango ni muziki uliozaliwa na kulelewa hapa petu, na ukiutaja huwezi kuliacha jina la Mzee Joseph Ngala wa Freretown na saksafoni yake. Tumeusikia harusini tangu utotoni, ambako mwenye shughuli amekwisha kulipa na sisi tumeitwa kula, kunywa na kucheza. Mtu aliyekua hivyo haoni ajabu kuingia bure, hasa ikiwa jukwaani yuko wa damu yake. Lakini huyo wa damu ndiye asiyeweza kusema. Atamwambiaje binamu yake alipe, tena mbele ya marafiki zake? Siri ya mtungi aijuaye kata, na uhaba wa bendi ile anaujua yeye anayegawana na wenzake kilichopatikana usiku. Mtu hashuki jukwaani kwenye mapumziko mafupi, jasho halijamkauka, akaja hadi mezani kushukuru kwa jambo lisilomgusa. Shukrani ile ndiyo jibu lako, na nadhani rafiki yako naye aliielewa hivyo, ndiyo maana ikamchoma.

Sasa nirudi kwake. Mtazame mwenzako alivyokuwa usiku ule: hana mshahara, na ninyi watatu mnao. Nauli ya tuktuk pengine mlimtolea, soda pengine mlimnunulia, na kwa kuwa ninyi ni marafiki wema hamkulitaja hilo. Kitu pekee alichokuwa nacho cha kuwapa ni ule mlango. Aliposema "Hawa ni wangu," alikuwa mwenyeji na ninyi mkawa wageni wake, na kwetu sisi watu wa Pwani mtu hukirimu hata akiwa na kikombe kimoja cha kahawa. Wewe uliipokea takrima yake usoni pake, ukaketi, kisha ukarudi kwa kisingizio cha simu ukailipia. Naye hakuyasikia hayo kwako. Aliyasikia kwa jamaa yake, kwa shukrani iliyotolewa mbele ya meza nzima, asijue aitikie nini. Ungemwambia ndani ya tuktuk kwamba leo unataka kulipa, angenuna hadi mfike Kisauni, na mambo yangeishia hapo.

Kwa hivyo mwombe radhi kwa kumficha, na wala usimwombe radhi kwa kulipa. Ni mambo mawili, na ukiyachanganya utajikuta umeahidi kuingia bure mwezi huu kisha ukae kitini moyo ukikusuta. Nenda kwao mwenyewe. Usimwandikie ujumbe, usiliweke jambo hili katika kundi lenu la WhatsApp, wala usiwatume wale wawili, kwa sababu wakibeba maneno yenu watayaongeza bila kukusudia. Mwambie hivi, au kwa namna utakayoiona: "Nilikosea kwa kukuzunguka. Nilitaka kulipa, nikaogopa kukwambia, nikafanya kwa siri, nawe ukaja kulisikia kwa mtu mwingine." Kisha nyamaza umsikilize. Neno la kazi yake usilitaje kabisa, na akilitaja yeye, usitoe pochi.

Mkishasemezana, ndipo ulete shauri la mfuko. Ninyi wanne wekeni pesa za matembezi mahali pamoja, zishikwe na mmoja wa wale wawili, kila mtu atie alichonacho, na pasiwe na daftari la kuonyesha nani ametia kiasi gani. Mlangoni mshika mfuko atoe shilingi 2,000 kwa mara moja, pasiwe na wa kusema "hawa ni wangu" wala wa kujulikana kwamba amelipiwa. Aliyekaukiwa mwezi huu asiulizwe.

Na ndani ya mfuko huo tengeni noti chache za kutunza, mumpe yeye azipeleke. Kwenye taarabu desturi hii twaijua sote: mwanamke husikia ubeti uliomgusa, akainuka kitini, akasogea mbele na noti mkononi huku akiyumba kwa madaha, na ukumbi mzima ukajua kwamba wimbo umefika. Wako wanaoiona desturi hiyo kuwa ni kujionyesha, nami sikubaliani nao, maana ni katika shukrani chache ambazo mwanamuziki huzipokea palepale wimbo ukiendelea. Mwenzako akienda mbele kumtunza binamu yake kwa niaba yenu nyote, atakuwa mwenyeji wenu tena, na safari hii bendi itakuwa imepata na haikupunguziwa.

Kwenda peke yako sikushauri. Kutoka Kisauni hadi Likoni usiku ni mwendo, na kusubiri feri ukiwa na wenzako si sawa na kuisubiri peke yako. Isitoshe, barua yako imejaa habari za hao watatu kuliko za bendi, jambo linaloniambia kwamba huko ukumbini huendi kwa ajili ya saksafoni pekee.

Huenda akakataa kuja mwezi huu. Usimbembeleze hadi ikawa kero. Mwachie tarehe ya mwezi ujao, nenda na wale wawili, na mlipe vichwa vitatu. Ila kuna jambo moja nakukataza: usimwendee yule mpiga besi kumweleza yaliyotokea, hata kama nia yako ni kumtetea mwenzako, kwa sababu wale ni jamaa na watakutana katika harusi na matanga ya ukoo wao miaka mingi baada ya ninyi kupatana. Akikuuliza mbona leo mko watatu, mwambie binamu yake anamsalimu.