Maswali ya Wasomaji: Fidla ya Norwe Inayoitikiwa kwa Chini

Nilisikia rekodi ya fidla moja ya Norwe, nikadhani wapigaji ni watatu. Siri yake nini? (Mpiga fidla wa taarabu, Unguja)

Bila shaka ulisikia hardingfele, fidla iliyopewa jina la Hardanger, magharibi mwa Norwe. Kongwe kuliko zote zinazojulikana hutajwa kuwa ya mwaka 1651. Juu ina nyuzi nne kama fidla yako. Chini yake zimepita nyuzi nyingine nne au tano, nyembamba, zinazopenya kwenye tundu la kidaraja (kibao kidogo kinachobeba nyuzi) na kupita chini ya kibao cha vidole. Upinde hauzigusi kamwe, lakini ukipiga noti ya D juu, D ya chini hutikisika yenyewe, na upinde ukishainuliwa bado unaisikia inaimba. Tena kidaraja chake kimelala zaidi kuliko cha fidla ya kawaida, kwa hiyo upinde hushika nyuzi mbili karibu muda wote: mmoja unabeba wimbo, wa pili unavuma. Ongeza mwitikio wa chini, ndio hao watatu wako.

Jaribu kwenye fidla yako mwenyewe. Kata kipande cha karatasi kama punje ya mchele, kikunje katikati, kikalishe juu ya uzi wa D. Kisha bonyeza uzi wa G kwa kidole kidogo mpaka upate D ileile, uupige. Karatasi itacheza, hata kuanguka. Kidole kikikosea kwa unywele tu, karatasi inatulia. Ndiyo maana hardingfele isiyopatanishwa vizuri husikika kavu kama ubao, hata akiipiga fundi.

Je, naweza kuifanya fidla yangu ilie hivyo? (Huyohuyo)

Nyuzi za chini usijaribu kuziongeza. Shingo, kidaraja na vigingi vya kukazia nyuzi vyote vinataka kutengenezwa upya. Mpangilio wa sauti unawezekana. Badala ya G-D-A-E, yaani nyuzi za kawaida kuanzia nene, weka A-D-A-E. Patanisha A ya kawaida kwanza, halafu pandisha G hadi A kidogo kidogo, ukipumzika kila hatua. Ukiivuta kwa pupa, uzi hukatika au kidaraja huinama kuelekea vigingini. Kitazame kwa ubavu, kirudishe wima kwa vidole viwili. Sasa rudia nyuzi zote, kwa sababu mkazo mpya huzishusha zile nyingine. Kisha piga wimbo kwenye uzi wa A wa juu huku D ikivuma wazi. Usikandamize upinde, utaua mvumo.

Wenye hardingfele hupatanisha nyuzi za juu kwanza, kisha za chini (kwa A-D-A-E huwa B, D, E, F-shapu na A), kisha wanazirudia za juu. Wengi hupandisha zote kwa toni nzima, na sauti inang'aa zaidi.

Nikisikiliza ngoma za fidla hii nahesabu moja-mbili-tatu, kila mara napotea. (Msikilizaji, Nairobi)

Unapotea kwa sababu mapigo hayalingani. Katika springar, ngoma ya Norwe ya mapigo matatu, ya eneo la Telemark pigo la kwanza ni refu, la pili la wastani, la tatu fupi. Ukienda Valdres, eneo jingine la Norwe, la kwanza ndilo fupi na la pili ndilo refu. Metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) itakudanganya. Fuata mguu wa mpigaji: anakanyaga sakafu ili mchezaji ajue pa kutua. Kwa polska, ngoma za Uswidi za mapigo matatu, ni rahisi zaidi. Kanyaga la kwanza na la tatu, la pili liache lipite hewani. Inuka uzisikilize ukitembea, mwili utaelewa kabla ya hesabu.

Mbona baadhi ya noti zinasikika kama zimekosewa, na kiitikio hakifiki? (Msomaji, Tanga)

Hazijakosewa. Katika nyimbo za zamani noti ya tatu ya ngazi hukaa kati ya tatu kubwa na tatu ndogo, na ya nne huinuliwa kidogo. Sikio lililozoea makamu (ngazi za noti) za taarabu halitashtuka sana. Usizisahihishe kwa programu ya simu.

Na kiitikio usikingoje. Wimbo wa springar hujengwa kwa vipande vifupi. Kila kipande hupigwa, hurudiwa, na katika kurudiwa hubadilika kidogo: noti moja ya pambo, upinde uliogeuzwa. Sikiliza wimbo mmoja mara tano mfululizo, ukifuatilia kipande kimoja tu.