Kichocho kinaambukiza au hakiambukizi? Swali kutoka mwaloni

Msomaji wetu wa Ilemela, Mwanza, ameandika hivi:

“Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wiki mbili zilizopita tulikuwa mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotua, na spika, tunawahimiza wavuvi na akina mama wa dagaa wajitokeze kumeza dawa. Nikasema, ‘Kichocho ni ugonjwa wa kuambukiza.’ Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu akanikatiza: ‘Binti, acha kututisha. Mdogo wangu ana kichocho tangu ujana wake. Nakula naye sahani moja, tunalala kambi moja. Mbona hajaniambukiza?’ Watu wakacheka, nami nikakosa la kusema. Msimamizi wangu anasema nilikuwa sahihi, maana hata ripoti zinaandika ‘maambukizi ya kichocho’. Mwenzangu anasema tungesema ‘ugonjwa wa kuambukizwa’. Mwalimu, nani yuko sahihi?”

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuchekwa. Mzee yuko sahihi, msimamizi wako yuko sahihi, na mwenzako hajakosea. Kilichokuponza ni kitenzi kimoja ambacho mzee anakijua kwa maana ya nyumbani, na ripoti inakitumia kwa maana ya maabara.

La mwenzako ni jepesi, tulimalize kwanza. Kiswahili kikisema “cha ku-” hakijali sana nani anatenda na nani anatendwa. Maji ya kunywa hayanywi kitu, sisi ndio tunayanywa. Nguo za kuvaa hazivai. Wala hakuna aliyewahi kudai tuseme “maji ya kunywewa”. Kwa hiyo “ugonjwa wa kuambukiza” na “ugonjwa wa kuambukizwa” yote yanapita, chagua linalokaa vizuri mdomoni. Pa kuangalia ni kwenye kirejeshi, yaani kitenzi kilichobeba maana ya “ambayo”: “magonjwa yasiyoambukiza”, yaani kisukari, shinikizo la damu na wenzao. Hapo magonjwa ndiyo mtenda, ndiyo maana hakuna -w- ya kutendwa. Ukiiweka, sarufi haitakukataza, ila matumizi ya Wizara ya Afya yameshatulia kwenye “yasiyoambukiza”, nami sioni sababu ya kugombana nayo kwa herufi moja.

Sasa mzee. “Kuambukiza” ni kitenzi kinachotaka mtoaji, mpokeaji na ugonjwa unaopita kati yao. Asha kamwambukiza Juma mafua. Mtoto kamwambukiza mama yake macho mekundu. Zisikilize sentensi hizo: umeshajua kwamba Asha na Juma walikuwa karibu, ingawa hakuna aliyekuambia. Ukaribu umo ndani ya kitenzi chenyewe. Mna pumzi humo, mna mkono, kikombe, shuka. Haya, jaribu kichocho. Nani kamwambukiza mvuvi? “Ziwa limemwambukiza” hakuna anayesema. “Konokono kamwambukiza” ungechekwa kuliko siku ile. Tunasema “amepata kichocho”, kama mtu aliyepita njiani akakiokota.

Lakini tazama kinachotendeka majini. Mtu mwenye minyoo ya kichocho anajisaidia nyuma ya mawe kando ya ziwa. Mvua au mawimbi yanayafikisha majini mayai ya minyoo hiyo, yanaanguliwa, na vinavyotoka humo vinamtafuta konokono. Vikimpata vinaingia mwilini mwake na kuzaliana kwa wiki kadhaa, kisha vinatoka kwa maelfu, vidogo visivyoonekana kwa macho, kutafuta ngozi ya mtu. Ngozi ya mama anayeosha dagaa, ya mvulana anayeoga, ya mvuvi aliyeingia maji ya kiunoni kusukuma mtumbwi. Havingoji kidonda, wala mtu hahitaji kuyanywa maji. Vinapenya ngozi iliyo nzima kabisa. Kwa hiyo mtoaji yupo! Ila hampi mwenzake mkononi. Anampa konokono, na konokono anampa mwenzake, na katikati hapo unaweza kupita mwezi. Mdogo wa mzee wako hakumwambukiza kaka yake. Alimwambukiza konokono. Sahani haina kosa lolote.

Ndiyo maana mimi kwa kichocho napendelea “kueneza”. Kueneza hakutaki watu wawili wanaotazamana. Kunataka kitu kitoke mahali kisambae, hata kama aliyekianzisha ameshakwenda zake Ukerewe. Hata malaria ni hivyo hivyo. Mbu anaitoa kwa mtu na kumpelekea mtu, lakini hujasikia jirani akimlaumu jirani kwa kumwambukiza malaria.

Nisimwache mzee aonekane mkaidi. Huenda maana yake hiyo tulimfundisha sisi wenyewe. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya ziwa hili hili. Mtaani huko uliitwa Juliana, jina la kitambaa cha fasheni kilichokuwa kikiingia kutoka Uganda. Likaja jina la UKIMWI, upungufu wa kinga mwilini, na pamoja nalo miaka mingi ya redio na mabango: hauambukizwi kwa kula pamoja, hauambukizwi kwa kupeana mikono, hauambukizwi kwa kutumia choo kimoja. Somo lilikuwa la lazima, maana watu walikuwa wanatengwa hadi na ndugu zao. Lakini “kuambukiza” na “sahani” yalikaa pamoja muda mrefu mno. Mtu wa rika la mzee huyo akisikia la kwanza, la pili linakuja lenyewe. Alikujibu kama alivyofundishwa.

Na kwa kuwa tumefika hapo, tazama neno jingine la miaka hiyo: magonjwa ya zinaa. Zinaa ni dhambi ya uzinzi. Mke aliyeletewa kisonono na mumewe, akiwa ndani ya ndoa yake, yeye amezini na nani? Bado anaandikwa kwenye daftari la zinaa. Watu wa afya waliona tatizo, wakaanza kusema magonjwa ya ngono, na wengine magonjwa yanayoambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Refu, najua, lakini limebeba kitu ambacho “zinaa” haina: “kwa njia ya”. Linakuambia ugonjwa ulipopita, halikuambii mtu ni mwema au mbaya. Mwaka 1995, utafiti uliofanyika hapa hapa mkoani Mwanza ulionyesha kwamba kuyatibu vizuri magonjwa hayo kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Dunia nzima iliusoma. Waliokwenda kutibiwa walihitaji kwanza kuingia mlango wa zahanati, na neno lililobandikwa mlangoni si jambo dogo.

Turudi kwa msimamizi wako na “maambukizi” yake. Kwake neno hili limeshaacha kuhitaji mtoaji. “Ana maambukizi kwenye njia ya mkojo,” anasema daktari, na mgonjwa anatoka akisema ana yutiai, na hakuna anayeuliza nani kampa, isipokuwa mume mwenye wivu. Kitabibu, maambukizi ni hali ya vijidudu au vimelea kuwa mwilini, basi. Wametoka wapi ni swali jingine. Na mtu anaweza kuwa nayo asijisikie chochote.

Hilo la mwisho ndilo geni katika lugha yetu, na ndilo lililowatenganisha wewe na mzee. Bibi yangu alishikwa na homa. Mama yangu aliumwa malaria. Mimi nimekutwa na malaria. Vitenzi vitatu, vizazi vitatu, na pengine mbu wa aina ile ile. Homa ya bibi ilikuwa na mikono: ilikuja kutoka nje, ikamkamata, ikamwachia. Homa ndiyo ilikuwa ugonjwa wenyewe, kwa hiyo ungemwambia “si kila homa ni malaria” angekutazama tu. Jina la malaria lilitoka Italia, kwa maana ya hewa mbaya, kwa sababu watu wa huko waliamini mvuke wa mabwawa ndio unaoua. Mwaka 1897, kule India, daktari Mwingereza Ronald Ross alivikuta vimelea tumboni mwa mbu, hewa ikaachiwa huru. Jina halikubadilika. Tukalipokea likiwa bado na hewa yake tumboni, huku tukiambiwa tufunge chandarua.

Halafu ikaja darubini, na kwenye vyeti vya maabara alama za kujumlisha: moja, mbili, tatu. Kiswahili cha Mwanza hakikuchelewa. “Nina malaria tatu,” mtu anamwambia bosi wake kwenye simu, na bosi anajua hiyo si ya kurudi kazini kesho. “Wamenikuta na wadudu wawili.” Kana kwamba waliwapanga foleni wakawahesabu! Sasa kipimo cha haraka kinaonyesha mistari tu, ipo au haipo, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. “Malaria tatu” imeanza kusikika kwa wakubwa zaidi kuliko kwa vijana. Kilichobaki na kushamiri ni “kukutwa”. Ukikaa mwaloni unakijua kitenzi hicho kwa namna nyingine: fulani kakutwa na kokoro, wavu uliopigwa marufuku. Mtu anaweza kukutwa na kitu ambacho hakujua kimo mtumbwini mwake.

Neno “kichocho” lenyewe nalo lina deni la zamani. Nilipokuwa nafundisha shule ya msingi kisiwani Ukerewe, siku ya dawa watoto walikunywa uji kwanza, kisha wakapita mmoja mmoja kwenye ubao mrefu uliosimamishwa ukutani. Ubao una alama: kichwa kikifika hapa vidonge kadhaa, kikifika pale unaongezewa. Hakuna mizani, urefu unatosha kukadiria. Vidonge ni vikubwa, na ukikitafuna uchungu wake unakaa ulimini hadi kengele ya kutoka. Mvulana mmoja wa darasa la tano akagoma. “Mwalimu, mimi sina kichocho. Sikojoi damu.”

Alikuwa mkweli. Kwa watu wengi kichocho ni kukojoa damu, na huko bara, kwenye malambo na madimbwi ya Usukumani, kweli ndivyo kinavyojitokeza, kwa kuwa ni kichocho cha mkojo. Lakini kando ya ziwa kinachotawala ni kichocho cha tumbo. Mayai yake yanatoka na haja kubwa, mkojo unabaki safi, na ugonjwa unakwenda taratibu kwenye ini na bandama. Baada ya miaka tumbo linajaa maji, au mtu anatapika damu, na wakati huo majirani wameshaanza kumtafuta mchawi. Kijana yule alikuwa ameelewa neno vizuri sana. Neno ndilo lilikuwa limepita ugonjwa mmoja na kuuacha wa pili. Nilimwambia, “Hiki ni cha tumbo, hakionyeshi damu kwenye mkojo.” Akafikiri kidogo, akameza, akakunja uso wote. Tangu siku hiyo sijawahi kusema “kichocho” peke yake nikiwa kisiwani.

Wakati huo dawa zilikuwa za watoto wa shule, wavuvi wazima walitazama tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 ndio uliosema katika maeneo yenye kichocho kingi watu wote kuanzia miaka 2 wapewe, wazima wakiwemo. Kwa hiyo unaongea na watu ambao hawajazoea kusikia kwamba jambo hili linawahusu. Ningekuwa mimi ndiye mwenye spika ningesema hivi: “Kichocho cha tumbo kinaenezwa na kinyesi kinachofika ziwani. Unakipata kwa kuingia majini. Hukipati kwa kula na mgonjwa wala kulala naye. Na unaweza kuwa nacho miaka bila kujua.” Neno “kuambukiza” libakize kwenye ripoti, au likikubana litumie, ila usilitoe nje bila “kwa”: kwa maji, kwa pumzi, kwa damu.

Nimeandika “kinyesi” makusudi. Najua mbele ya wazee ulimi unakimbilia “choo”, lakini choo ni kile kilichotoka na ni kile kijumba pia. Ukitangaza “msipeleke choo ziwani”, yupo atakayedhani unazungumzia ujenzi. “Haja kubwa” ni ya adabu na inaeleweka, itumie kama “kinyesi” kinakutia haya.

Kuhusu mzee mwenyewe, umeniandikia alichokula na mahali anapolala. Hukuandika kama amewahi kupimwa. Safari ijayo msalimie, mkubalie mbele ya watu wote kwamba mdogo wake hakumwambukiza, kisha muulize miaka mingapi amekuwa akisukuma mtumbwi kwenye maji yale yale.