Muulize Fundi: Boila la miaka 19, nilitengeneze au nilitupe?

SWALI: Shikamoo fundi. Boila letu la gesi la kupashia nyumba joto lina miaka 19. Tangu baridi ianze, mshale wa presha hautulii. Likiwaka unapanda hadi karibu na bar 3. Asubuhi, likiwa limepoa, naukuta kwenye 0.4. Kila baada ya siku mbili tatu mume wangu hufungua maji ya kuongezea, basi siku inapita. Rejeta, yale mapande ya chuma ya kupashia vyumba joto, zina joto juu, lakini ukigusa chini ni baridi. Sasa limeanza na mlio wa birika linalotaka kuchemka. Fundi wa kwanza anasema tubadilishe pampu. Wa pili hakufungua hata kifuniko. Aliuliza umri, akatikisa kichwa, akasema tununue jipya. Nimsikilize nani?
Mama wa watatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa sasa usimsikilize hata mmoja. Huyo aliyeuliza umri akaondoka amenikera zaidi. Ni kweli maboila mengi ya siku hizi huhesabiwa miaka 10 hadi 15, lakini yale mazito ya chuma cha kusubu nimeyakuta yakiwaka vizuri yakiwa na 30. Kwanza tujue kinachouma.

Kilichonisimamisha kwenye barua yako ni huo mshale. Maji yakipata moto hutanuka. Lita 100 za maji baridi ukizifikisha nyuzi 80 zinakuwa karibu lita 103, na hizo 3 za ziada lazima zipate pa kukaa. Pa kukaa ni tangi dogo, mara nyingi jekundu, lenye utando wa mpira katikati: huku maji, kule hewa. Hewa ikiisha au utando ukipasuka, maji hayana pa kwenda. Presha inapanda, na ikifika 3 valvu ya usalama inafunguka na kuyamwaga nje. Boila likipoa, yaliyomwagika hayarudi, ndiyo unakuta 0.4. Toka nje ukatazame kile kibomba chembamba cha shaba kinachotokeza ukutani. Ukuta chini yake ukiwa na michirizi ya maji, mwizi tumeshamjua.

Kuhakikisha ni kazi ya dakika moja. Tangi lina pua ya kujazia upepo, sawa na ya tairi la baiskeli. Fundi aondoe kofia yake, aibonyeze kidogo kwa ncha ya bisibisi. Ikitoka hewa kidogo, au isitoke kitu, huenda tangi linataka kujazwa upepo tu. Yakitoka maji, utando umekwisha na tangi libadilishwe. Mimi nilijifunza hili nikiwa mwanagenzi, nimeinamisha uso juu ya hiyo pua. Maji meusi yalinirukia machoni, na mwalimu wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa njoo kwenye huo weusi. Kila mumeo anapoongeza maji mapya, anaingiza na oksijeni. Oksijeni inakula chuma cha rejeta, na kutu yake huwa tope jeusi, zito, linalonaswa na sumaku. Tope linatuama chini ya rejeta, ndiyo maana chini ni baridi. (Ingekuwa hewa imenaswa, baridi ingekuwa juu.) Maji hayo hayo mara nyingi huja na chokaa, nayo inaganda ndani ya boila pale moto unapounguza. Chini ya ukoko huo maji yanachemka vipovu vipovu, na huo ndio mlio wako wa birika. Kwa hiyo magonjwa yako matatu huenda yamezaliwa na tangi moja bovu.

Fundi wa kwanza hakudanganya. Pampu inayosukuma tope huchoka kweli. Ila pampu mpya kwenye tope lile lile nayo itachoka. Na ukimfuata wa pili, boila jipya ndilo litakaloteseka zaidi, kwa sababu njia zake za maji kwa kawaida ni nyembamba kuliko za hilo kongwe. Nimewahi kuitwa kwenye boila ambalo halijamaliza hata mwaka, limeziba kabisa. Aliyelifunga hakuosha mabomba.

Basi mimi ningefanya hivi: tangi kwanza, kisha mabomba na rejeta zioshwe, itiwe dawa ya kuzuia kutu, na chujio la sumaku lifungwe kwenye bomba la kurudishia maji. Hata ukibadilisha boila mwaka ujao hujapoteza kitu, maana jipya nalo lingetaka nyumba iliyooshwa.

Kinachoweza kunigeuza ni kimoja. Tangi ni zima, valvu ya usalama haidondoshi, na bado presha inashuka. Hapo boila lizimwe, lipoe, fundi afunge valvu mbili zilizo chini yake, ya kwendea na ya kurudia, aache mpaka asubuhi. Geji ikiwa imeshuka, uvujaji uko ndani ya boila. Ikiwa imesimama pale pale, halafu ikaporomoka valvu zikifunguliwa, tafuteni kwenye mabomba na rejeta. Ikithibitika limepasuka lile pango la chuma ambalo moto na maji hupakana, usilitengeneze. Kwa umri huo, spea yake hata ikipatikana, pamoja na ufundi huwa inakaribia nusu ya boila jipya, na mimi bei ikifika nusu naweka spana chini.

Na gesi si ya kubahatisha. Moto wa boila lako unatakiwa uwe wa buluu. Ukiuona wa manjano, au masizi kwenye kifuniko, au watoto wanaumwa kichwa wakiwa ndani na kupona wakitoka, zima, fungua madirisha, tokeni wote, kisha ndipo mwite fundi mwenye leseni ya gesi. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. King'ora chake kiwekwe wiki hii, uwe umeamua kununua au hujaamua.

Siku ya kununua ikifika, iwe msimu wa joto, si usiku wa baridi kali ukiwa umekabwa. Na nyumba ipimwe kwanza. Sisi mafundi wa zamani, nami nikiwemo, tulifunga maboila makubwa kupita kiasi, ndiyo maana yanawaka na kuzima, yanawaka na kuzima mchana kutwa.

SWALI: Fundi, boila letu jipya lina kibomba cha plastiki kinachodondosha maji kutwa. Limeshaharibika?
Mwenye ndoo

JIBU: Ondoa ndoo, bwana. Hayo ni maji ya moshi. Boila la aina hiyo huupoza moshi mpaka mvuke wake ugeuke maji, na kwa kufanya hivyo hurudisha ndani joto ambalo zamani lilipotelea kwenye dohani. Maji hayo yana asidi kidogo, ndiyo maana bomba ni la plastiki. Lielekezwe kwenye mfereji wa maji machafu. Likikauka na boila linawaka, hapo ndipo utazame. Huenda bomba limeziba, au umeweka joto juu mno: maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta yakizidi nyuzi 55 hivi, mvuke haugeuki maji tena.