P0016 imerudi baada ya kubadilisha sensa: je, cheni imekwisha?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Gari langu ni la petroli, silinda nne, injini ya cheni, limetembea kilomita 190,000 hivi. Asubuhi nikiwasha linakwaruza upande wa cheni sekunde mbili tatu, kisha linatulia. Nguvu imepungua hasa kwenye mlima, na taa ya injini imewaka. Mashine ya kupimia imesoma msimbo wa hitilafu P0016. Nimebadilisha sensa ya kamshafti, baada ya siku mbili taa imerudi. Sasa naambiwa nifungue injini niweke cheni mpya. Nina spana zangu na nafasi nyumbani. Nianzie wapi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kwanza usinunue kitu kingine chochote. P0016 haisemi sensa imekufa. Inasema kompyuta imelinganisha ishara ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na ya kamshafti (shafti inayofungua valvu), ikakuta haziendi sambamba inavyotakiwa. Sensa mbovu au waya uliokatika kwa kawaida huja na msimbo wake: P0340 kwa kamshafti, P0335 kwa krenki. Kwa hiyo ile sensa uliyoitoa huenda ilikuwa nzima. Itunze.

Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, na cheni ndiyo inayoshika hesabu hiyo. Lakini injini nyingi za siku hizi zina kingine katikati: gia ya kamshafti inayosogezwa na presha ya oili ili valvu zifunguke mapema zaidi au zichelewe kulingana na mwendo. Tensiona, yaani kikaza cheni, nayo mara nyingi husukumwa na oili hiyo hiyo. Ndiyo maana anza na oili kabla hujashika spana. Chomoa kijiti cha kupimia. Ikiwa imepungua, imekuwa tope, au si ya uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, imwage, badilisha na filta, kisha futa msimbo uone. Ule mkwaruzo wa asubuhi huenda ni cheni iliyolegea inayosubiri tensiona ijae. Ukianza kuusikia hata injini ikiwa moto, hapo huenda cheni au reli zake (vipande vinavyoiongoza) zimelika kweli.

Hatua ya pili ni valvu ya oili inayoongoza gia ile. Huwa imechomekwa kwenye kichwa cha silinda au kwenye kava, ina soketi ya waya mbili. Ipime kwa mita. Kwenye injini kadhaa za Toyota za VVT-i (zenye gia kama hiyo) kipimo ni ohm 6.9 hadi 7.9 ikiwa baridi, gari lako fuata kitabu chake. Kisha ichomoe utazame chujio lake, kama lipo: wavu mdogo sana, na kipande cha gasketi gundi kinatosha kuuziba. Nyingi za valvu hizi unaweza kuzijaribu zikiwa mahali pake. Injini iwe moto, inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, vua soketi ya valvu, ipe umeme wa betri kwa sekunde chache tu. Injini ikitetemeka au kutaka kuzima, valvu na njia ya oili vinafanya kazi. Isipojali kabisa, kitu kimekwama huko.

Hayo yote yakiwa sawa, ndipo uangalie alama zinazoonyesha kama krenki na kamshafti zimepangwa sawa, na kwa hilo injini nyingi hazihitaji kuvuliwa kava la mbele. Lile la juu ya valvu linatosha. Toa waya wa hasi wa betri, weka gia huru, toa plagi zote ili injini izunguke kirahisi. Weka spana kwenye bolti ya puli ya krenki, zungusha taratibu kwa mkono, uelekeo ule ule ambao injini huzunguka yenyewe. Ukipita alama usirudishe nyuma, kwa sababu cheni italegea upande usio wake na utasoma uongo. Endelea mbele hadi uifikie tena. Puli ikifika kwenye sifuri, tazama juu. Nundu za kamshafti za silinda ya kwanza ziwe hazikandamizi valvu. Kama zinakandamiza, zungusha krenki mzunguko mmoja zaidi.

Hapa wengi huumia. Puli nyingi zina pete ya nje iliyogandishwa kwa mpira, na mpira ukizeeka pete huteleza. Alama inasema sifuri, pistoni iko kwingine. Basi ingiza kijiti kirefu cha plastiki kisichovunjika kwenye tundu la plagi ya kwanza, zungusha polepole ukikishikilia kwa vidole: kitapanda, kitasimama, kisha kitaanza kushuka. Pale kinaposimama ndipo pistoni ilipo juu. Puli ikikataa kukubaliana na kijiti, amini kijiti.

Sasa soma alama za gia za kamshafti. Zikiwa nyuma kwa kama nusu jino, cheni imerefuka, maana pini za viungo vyake zimelika kidogo kidogo, kila kimoja kikaongeza nafasi. Zikiwa nje kwa jino zima au zaidi, cheni imeruka, na gari lisiwashwe tena hata kulihamisha. Katika injini nyingi valvu na pistoni hupishana nafasi ile ile kwa zamu, zamu ikivurugika zinagongana, na gharama ya cheni inageuka gharama ya kichwa kizima. Alama zikikaa sawasawa, usiguse cheni: rudi kwenye gia ile ya oili.

Kubadilisha cheni nyumbani inawezekana, lakini mimi ningekuambia ufanye tu kama una kitabu cha injini hiyo hasa na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Bolti ya puli hukazwa kwa nguvu kubwa. Usijaribu kuzuia injini isizunguke kwa kushika kamshafti au cheni. Nunua seti: cheni, reli, tensiona, sili ya mbele. Cheni mpya juu ya reli zilizochimbika ni kupoteza siku. Ukishafunga, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili kisha soma alama upya. Ukihisi inagonga kitu kigumu, simama hapo hapo, usilazimishe, usithubutu kugusa stata.

Na kama kila kitu kiko sawa bado P0016 inarudi, fungua tena bolti ya puli uangalie kii ya krenki, kile kipande kidogo cha chuma kinachoshika gia isiteleze. Bolti iliyokazwa nusu nusu huilegeza, na gia inayocheza kidogo tu inatosha kumchanganya kompyuta.