Baba yake Perkin

Mwanangu,

Umeniuliza kwenye meseji eti Perkin, yule Mwingereza aliyegundua rangi ya zambarau ya kutengenezwa kwa kemikali, alikosea kuacha chuo akafungue kiwanda cha rangi, na mi najua wala huulizii Perkin, unaulizia masters yako na hiyo batiki yako. Haya.

Habari yenyewe unaijua, nimewasimulia mpaka mkachoka: London, likizo ya Pasaka 1856, kijana wa miaka 18 kajifungia juu kwenye nyumba ya wazazi wake anahangaika kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe, anaambulia tope jeusi, anaosha chupa kwa spiriti, mara zambarau hiyo! Ndo maana kila siku nawaambia usimwage kitu hujakitazama kwenye mwanga. Mwalimu wake Hofmann hakupenda kabisa aache masomo.

Ila mimi anayeninyima usingizi ni babaake, mzee George. Mjenzi yule, alitaka mtoto awe msanifu majengo, kemia wala hakuitaka, halafu huyohuyo akatoa akiba yake wakajenga kiwanda Greenford, karibu na London, 1857, na kaka mtu Thomas akaingia, na hapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuendesha kiwanda cha kemikali. Malkia Victoria alikuja kuvaa zambarau ya namna hiyo harusini kwa bintiye 1858, mzee hela keshatoa zamani.

Unakumbuka kaka yako na sabuni zake? Kiinua mgongo kilikuwa kimeingia wiki ileile, akaja na kipande kimoja kakifunga kwenye gazeti, nikakinusa, nikamwambia hiki kinawasha. Kilikuwa hakiwashi. Nilikuwa naogopa tu. Pipa lake la bluu si ndo mama yako anawekea mkaa mpaka leo, kila nikipita pale naliona.

Lakini tena mzee George angefilisika si tungemwita mjinga? Tungemwita. Na Perkin mwenyewe 1874, ana miaka 36 tu, aliuza kiwanda akarudi kwenye utafiti, sasa aliacha au hakuacha, hesabu mwenyewe.

Nisikuamulie, mama yako kanikataza. Ingekuwa ni mimi... basi, naacha. Ila ile zambarau uliyotuma picha, kwenye simu siioni vizuri. Kata kipande, kifue mara tatu na sabuni ya unga, uniletee nikakitazame nje juani.

Baba