Usitume hiyo hela: injini ya 1KD ya Surf na ya Haisi ni vitu viwili

Mkuu, usitume hiyo advansi. Kama simu iko mkononi, iweke chini kwanza usome.

Umesema Haisi yako ni modeli ya KDH200, injini yake ya 2KD imenoki (imekufa kwa kugonga), na kuna dalali Dar anakuuzia injini ya 1KD iliyotoka kwenye Toyota Surf, anakwambia "inaingia bila shida, bloku (mwili wa injini) ni moja." Ukauliza bei ya haki, usafiri mpaka Arusha, fundi wa kuifunga na habari ya kadi ya gari. Mimi nakujibu hilo la injini, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi, nikayaamini, na nimelipia injini mbili kwa gari moja.

Ni kweli 1KD na 2KD ni ndugu. Moja ina cc 2982, nyingine 2494, zote ni dizeli za komoni reli, yaani bomba moja la presha linagawa dizeli kwa nozeli zote. Ni kweli pia Toyota aliifunga 1KD kwenye Prado, Surf, Hilux na Haisi. Hapo ndipo wanapotushikia. Bloku inafanana, lakini wewe hununui bloku tupu. Unanunua sampu (bakuli la oili chini ya injini), maunti (vishikizo vya injini), mabomba ya turbo, nyaya na soketi zake. Surf na Prado zina difu ya mbele chini ya injini, kwa hiyo sampu imetengenezwa kuikwepa. Kwenye Haisi injini imebanwa chini ya viti vya mbele, na kila kinachoizunguka kimepangwa kwa nafasi ile.

Sasa sikiliza. Yangu ni KDH201, ina 1KD tangu kiwandani, kwa hiyo nilijiona salama kuliko wewe ulivyo sasa. Ilinoki nikipanda Kikafu kutoka Moshi, nimepakia. Injini ya Surf ikaja, ikashushwa gereji kule Unga Limited, Arusha, na sampu yake ikagoma. Fundi akafanya wanachofanya mafundi wengi: akafungua sampu ya injini iliyokufa na bomba lake la kunyonyea oili, akaviosha kwa dizeli, akavifunga kwenye injini iliyoletwa. Kipoozea oili cha zamani nacho akakihamisha, kwa sababu mabomba ya kile cha Surf hayakufika kwenye mabomba ya gari.

Nikasimama pale nikitazama, nikaona ni ufundi. Kumbe ndiyo ilikuwa hasara yenyewe.

Injini inaponoki, beringi za krenki zimesagika. Zile chembe za chuma haziendi popote, zinazunguka na oili: zinakaa kwenye sampu, kwenye chujio, na zaidi ya kote kwenye kipoozea oili. Sampu utaiosha ing'ae. Kipoozea kina njia nyembamba ndani, dizeli ya kwenye ndoo haizitoi. Chembe zinatulia mle, injini ikipata moto na presha ya oili zinaanza kutoka kidogo kidogo, kuelekea kwenye beringi za injini uliyoinunua jana. Ni sawa na kumwogesha mtoto halafu umfute kwa gunia la mkaa.

Ikawaka, tena kwa kugusa tu, watu wakapeana mikono. Halafu ikaja shida ya umeme. Soketi za Surf hazikulingana na za gari, fundi wa umeme akakata akaunga. Ikawa haivuti, taa ya injini haizimi, ukikanyaga moshi mweusi. Nozeli za 1KD (zinazopuliza dizeli kwenye silinda) zina kodi, yaani namba za vipimo vyake, zilizochapwa juu ya kila moja, na kodi hizo lazima ziwemo kwenye kontroo boksi (kompyuta ya injini) ili dizeli ipimwe sawasawa. Sisi tulikuwa na nozeli za Surf na kontroo boksi ya Haisi, na hakuna aliyeingiza kitu. Nikahangaika na hilo nikidhani ndilo tatizo kubwa, huku beringi zinaliwa chini kwa chini. Sijamaliza hata deni la kuifunga, ikaanza kugonga sauti ileile ya Kikafu.

Nilipompigia dalali akasema, "Mimi nilikuuzia nzima, mmefunga vibaya." Na kweli alinipa nzima! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliiuza injini nzima kwa gari isiyo yake, akijua kabisa gereji wataunga-unga, na akijua yeye atakuwa ameshakula hela yake. Mtu anayekwambia "inaingia bila shida" muulize atailipia nani hiyo shida ikitokea. Usikie ukimya.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: injini itoke kwenye gari ya bodi yako, ili kisihame kitu chochote chenye oili kutoka injini iliyokufa kwenda kwenye mpya. Dai picha ya kile kibati cha gari ilikotoka, chenye MODEL na ENGINE. MODEL ya Haisi inaanza na KDH. Ikianza na KDJ ni Prado, KDN ni Surf, KUN ni Hilux. Wewe unatafuta 2KD ya KDH200, au kama ni ya fowili (inavuta kwa magurudumu yote manne) KDH205. Ukiitamani sana 1KD, basi ya KDH201, na ije na nyaya zake ambazo hazijakatwa, kontroo boksi yake, nozeli zake zisizochanganywa, na ufunguo wake kama gari ilikuwa na immobilaiza (kifaa kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo wake). Kontroo boksi ikija na injini yake, kodi za nozeli zimo tayari. Kipoozea oili kije nacho. Muuzaji hana kibati? Hana biashara na wewe, hata apunguze bei kiasi gani.

Na kabla ya kulipa, sampu ifunguliwe mbele ya mtu wako. Kwenye injini hizi, zile washa (pete) za shaba zinazokaa chini ya nozeli zikivuja, moto unapanda juu, oili inafanya masizi magumu, na masizi yanaziba chujio la kunyonyea oili. Injini inasikika safi kabisa huku inakaribia kukosa oili. Chujio likiwa jeusi limeziba, iache hapohapo. Likiwa safi, nunua, na ubadilishe mkanda wa taimingi kabla haijaingia ndani ya gari, maana ikishaingia utalia na nafasi.

Kadi ina namba ya injini, kwa hiyo dai risiti yenye namba hiyo uende nayo TRA. Fundi usimchague bado. Mpigie dalali sasa hivi umwombe picha ya kibati, halafu iweke hapa tuisome wote kabla hujatoa hata shilingi.